Wema Hauna Sare

Mwishoni mwa Agosti 2024, mwezi mmoja kabla ya Maonyesho ya Jimbo la Texas kufunguliwa mjini Dallas, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Ken Paxton, alilishtaki jiji akitaka wenye bastola waruhusiwe kuingia nazo. Waandaaji walikuwa wamewakataza raia kuingia na silaha, kwani mwaka uliotangulia watu 3 walipigwa risasi ndani ya viwanja hivyo hivyo, katikati ya familia zilizokuja kula, kupanda bembea na kutazama mifugo, kama sisi tuendavyo kwenye maonyesho ya Mkomani, hapa Mombasa. Mahakama zilikataa kulisimamisha katazo hilo, hadi Mahakama ya Juu ya Texas, na tarehe 27 Septemba milango ikafunguliwa.

Mahakamani walibishana juu ya ardhi: ni ya jiji, au ni ya aliyeikodi? Nje ya mahakama watu walipandwa na hasira kwa jambo jingine, nalo ni imani kwamba umati wenye watu wema waliofutika bastola kiunoni ni salama kuliko umati usio na silaha. Imani hii nimeisikia Mombasa pia, barazani kwenye kahawa, tangu magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Wanaoisema ni watu ninaowaheshimu. Naipinga kwa moyo wote, kwa sababu inaua.

Turudi Dallas hiyo hiyo, usiku wa tarehe 7 Julai 2016. Watu walikuwa wakiandamana kwa amani, na miongoni mwao walikuwepo waliobeba bunduki waziwazi begani, kama sheria ya Texas inavyoruhusu. Mdunguaji akaanza kufyatua. Polisi 5 waliuawa. Katika mtafaruku ule polisi walisambaza picha ya mwandamanaji mmoja mwenye bunduki, wakamtangaza mshukiwa. Hakuwa na hatia yoyote. Alijisalimisha mwenyewe, na bahati yake ni kwamba alifika akiwa hai. Mkuu wa polisi wa jiji wakati huo, David Brown, alieleza baadaye ugumu wa kumjua mwema na mbaya pale kila mtu ana bunduki. Na hizo zilikuwa bunduki zinazoonekana. Bastola iliyofichwa huchomolewa ghafla, na anayeiona ana nusu ya sekunde kuamua kama mkono ule ni wa mwokozi au wa muuaji. Polisi ana sare. Wema hauna sare.

Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 8 Januari 2011, huko Tucson, Arizona, mtu alimpiga risasi mbunge Gabrielle Giffords alipokuwa akikutana na wananchi nje ya duka. Watu 6 walifariki. Kijana mmoja mwenye bastola alikimbilia sauti za risasi, akamwona mtu ameshika silaha, akamkamata. Yule aliyekamatwa ndiye aliyekuwa amemnyang'anya muuaji silaha yake! Kijana hakuichomoa bastola, na kwa hilo mtu mwema mmoja alinusurika. Waliomwangusha muuaji chini hawakuwa na silaha, na aliyemnyima risasi za kujazia tena alikuwa mama wa miaka 61.

Huyo mama si wa pekee. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilichunguza mashambulizi 160 ya aina hii yaliyotokea kati ya 2000 na 2013. Katika 21, raia wasio na silaha ndio waliomdhibiti mshambuliaji. Katika 5 tu, mtu mwenye silaha asiye polisi alipambana naye kwa risasi, na wengi wa hao walikuwa walinzi walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Sikatai kwamba huwa inatokea. Julai 2022, ndani ya jengo la maduka huko Greenwood, Indiana, kijana wa miaka 22 alimuua kwa bastola yake mtu aliyekuwa ameshawaua watu watatu. Na Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye leseni za silaha waliingia kuwatoa watu. Hakuna atakayenisikia nikiwavunjia heshima. Lakini siku hiyo hiyo afisa wa kikosi cha polisi cha Recce alikufa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake. Hao ni watu waliofunzwa kwa miaka. Leo mnataka kazi hiyo tumwachie fundi, mwalimu na dereva, gizani, kwenye uwanja wenye watu elfu kumi?

Tena ugaidi si hatari ya kila siku katika sherehe. Hatari ya kila siku ni ugomvi. Tarehe 14 Februari 2024, Kansas City, Missouri, ilisherehekea ubingwa wa timu yake. Missouri haidai kibali cha kuficha bastola tangu 2017. Polisi zaidi ya 800 walikuwepo. Watu wasiojuana walitazamana vibaya, wakarushiana maneno, bastola zikatoka. Mama mmoja aliuawa, watu zaidi ya 20 wakajeruhiwa, watoto wakiwemo. Bila bastola zile, wangerushiana ngumi, na jioni wangerudi nyumbani na midomo iliyovimba.

Mei 2022, Donald Trump alipohutubia mkutano wa chama cha wenye bunduki, NRA, huko Houston, waliohudhuria walikatazwa kuingia na silaha ukumbini. Walinzi wake walitaka hivyo, na walikuwa sahihi. Anachostahili Trump anakistahili pia mtoto aliyebebwa begani na baba yake kutazama gwaride.

Sisi Wakenya tumeshaliandika jambo hili. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Hata hivyo tunawaona waheshimiwa harusini, matangani na jukwaani, shati limetuna ubavuni, na mwenyeji anawapokea kwa tabasamu. Uchaguzi wa 2027 unakuja. Wanaotoa leseni za bastola waandike ndani ya kila leseni kwamba haifai kitu penye mkutano wa hadhara, na mwenyeji wa shughuli amwambie mgeni wake, mheshimiwa au la, airudishe nyumbani kwanza.