Kwa Watu wa Nyumbani: Folda Inapomkataa Mwenyewe

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari ya kuhifadhi vitabu visiliwe na mchwa, lakini limetokea jambo huku kwetu Moshi ambalo twaona lafaa litangulie, kwani laweza kuifikia nyumba yo yote iliyo na kompyuta.

Nyumba moja ya Machame walifiwa na baba yao. Marehemu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu: nani anamdai, nani anadaiwa, kilo ngapi za kahawa zimepelekwa chama cha msingi, na mpaka wa kihamba umepita kwenye masale yapi. Yote aliyaweka katika kompyuta yake. Wakati wa masika umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ile ikafa. Diski ikatolewa nzima, ikatiwa katika kasha dogo lenye waya, ikachomekwa kwenye kompyuta ya bintiye. Folda ya marehemu ikaonekana, lakini alipotaka kuifungua akaambiwa hana ruhusa. Nao warithi wamekwisha kutana, na wasomaji wajua kwamba madeni ya marehemu hutangulia kulipwa ndipo mirathi igawanywe. Fundi mmoja wa mjini akawaambia diski haina dawa ila kufutwa yote. Binti akatujia. “Shikamoo maalim. Nisaidie kabla hawajaifuta.”

Sisi si mafundi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na kompyuta tulijifunza ukubwani kwa ajili ya daftari la watoto wa madrasa. Lakini ugonjwa huu ulikwisha kutupata wenyewe, basi tukaujua kwa sura.

Tangu Windows NT ilipotoka mwaka 1993, Windows ina utaratibu wa kuweka faili uitwao NTFS. Katika utaratibu huo kila faili na kila folda ina mwenyewe aliyeandikwa, tena ina orodha ya ruhusa: huyu asome tu, huyu aandike, huyu afanye alitakalo, yule azuiwe. Sasa ajabu ni hii, kwamba kompyuta haiwatambui watu kwa majina yao. Kila akaunti hupewa namba ndefu, nayo aghalabu huanza na S-1-5-21, na namba itolewayo na kompyuta hii siyo itolewayo na ile. Hata ukijiita jina lile lile, ukaweka na neno la siri lile lile, kwa kompyuta mpya wewe ni mgeni. Ndiyo sababu mtu aliyewekewa Windows upya aweza kukataliwa na folda alizozifanya kwa mkono wake. Mtu haonewi hapo, wala faili hazikuharibika. Bawabu anaangalia daftari la zamani, basi.

Kwanza, mtu aingie kwa akaunti ya msimamizi. Binti yule alikuwa akitumia akaunti ya kawaida, na neno la siri la msimamizi alikuwa nalo kaka yake aliye Dar es Salaam, tukampigia simu. Aghalabu msimamizi akibonyeza “Continue” folda hufunguka, ingawa huchukua muda. Hapa haikufunguka. Tukabonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukachagua “Properties”, kisha “Security”, kisha “Advanced”. Juu palipoandikwa “Owner” hapakuwa na jina, ila namba ndefu tuliyoitaja. Tukabonyeza “Change”, tukaandika jina la akaunti ya binti, tukatia alama mahali pasemapo kwamba mwenyewe abadilishwe hata katika vilivyomo ndani, tukakubali. Madirisha yote tukayafunga, tukarudi pale pale, tukamwongeza binti katika orodha na kumpa “Full control”. Kuwa mwenyewe na kuwa na ruhusa ni mambo mawili, na wengi huishia la kwanza wakadhani wameshindwa.

Na mtu akiona orodhani neno la kuzuia limeandikwa juu ya folda yenyewe, alitoe, kwa maana hilo hushinda neno la kuruhusu.

Twamwonya msomaji asiguse zaidi ya folda inayomsumbua. Sisi zamani tulichoka kukataliwa, tukaibadilisha diski ya C yote kwa mara moja, pamoja na folda za Windows yenyewe ambazo mwenyewe wake huitwa TrustedInstaller. Kesho yake programu hazikufunguka, na hatukupona ila kwa kuweka Windows upya. Aibu yetu na iwe faida kwa wengine.

Tena liko jambo la adabu. Msimamizi wa kompyuta ya nyumbani aweza kwa njia hii kuifungua folda ya mke, ya mume, au ya kijana wake. Aliye hai huombwa idhini. Kwa Machame tulifungua mbele ya warithi wote, na barua za marehemu zisizohusu mali hatukuzisoma.

Ama folda iliyofungwa kwa maandishi ya siri, kubadilisha mwenyewe hakuifungui; hiyo yataka ufunguo wake. Na diski iliyofungwa kwa BitLocker hudai namba yenye tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujifunga hivyo pasipo mwenyewe kujua, na namba huwekwa katika akaunti yake ya Microsoft. Mwenye nyumba na aitafute leo, aiandike katika karatasi, aiweke pamoja na hati ya shamba.

Kazi yetu ilianza baada ya adhuhuri. Folda ilipofunguka tulinakili kwanza kila kitu katika diski nyingine, ndipo tukafungua daftari la madeni. Katika mstari wa mwisho marehemu alikuwa ameandika bei ya mifuko miwili ya mbolea aliyoichukua kwa jirani, na jirani huyo alikuja matangani siku zote tatu asiseme neno. Kabla ya alasiri alikwisha lipwa.