Uso wa Jirani Katika Video ya Wimbo

Mwezi huu tumepokea barua ya mama mmoja auzaye vitenge Kariakoo. Binti yake yuko mwaka wa pili chuoni, naye pamoja na wenzake wawili wametakiwa kutengeneza video ya wimbo wa dakika 4 kwa ajili ya maksi. Wimbo wameutunga wenyewe: kijana anatoka mkoani, anapata fedha mjini, anazitapanya na kumsahau mama yake. Picha wamezipiga mtaani, nyingine dukani kwa mama huyu. Sasa wanagombana. Mmoja anataka picha zikatwe harakaharaka, wa pili anataka hadithi yenye mwanzo na mwisho, na binti anataka mwimbaji aonekane akiimba, basi.

Lakini kinachomkosesha mama huyu usingizi ni kingine. Katika kipande alichoonyeshwa, kijana wa kwenye wimbo anaanguka barabarani amelewa, na mara anatokea mama muuza chai, jirani yake wa miaka mingi, akicheka. Mama wa watu alikuwa akicheka na mteja wake, tena siku nyingine kabisa. Mwandishi wa barua anauliza kama akiwaambia watoto waitoe picha hiyo atawaharibia maksi.

Hutawaharibia, mama. Nianze na hilo la jirani maana ndilo zito, na ndani yake mna siri yote ya kukata na kuunga picha.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita huko Urusi alikuwako mwalimu wa sinema aitwaye Lev Kuleshov. Inasimuliwa kwamba alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akauunga na picha ya sahani ya supu. Kisha akauunga uso ule ule na picha ya maiti ya mtoto ndani ya jeneza. Watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama anavyoitamani supu, tazama anavyomlilia mtoto! Kumbe uso haukubadilika hata chembe. Macho ya mtazamaji huunganisha picha mbili zinazofuatana na kuzitafutia maana, hata kama zilipigwa mbalimbali.

Ndivyo ilivyompata muuza chai. Wanafunzi hawakukusudia ubaya, walihitaji tu uso wa kujaza nafasi. Lakini majirani wa Mtaa wa Mchikichi hawatauliza habari za Kuleshov. Watasema mama fulani anacheka watoto wa wenzake wakianguka, na video siku hizi hupita simu hadi simu kabla hata ya adhana ya magharibi. Yule mama anaishi kwa jina lake zuri. Wateja wanamjia kwa sababu ya uso ule.

Dawa yake ni nyepesi. Kicheko hicho kihamishiwe mwanzo, pale kijana anaposhuka na begi lake, mgeni wa mji. Hapo jirani ataonekana anamkaribisha. Hakuna picha mpya itakayopigwa, na mwalimu yeyote ajuaye kazi yake atawapa maksi zaidi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa mitindo. Huyo anayetaka harakaharaka mpeni kalamu na karatasi. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, kila mapigo manne huchukua sekunde 2 na sehemu 4 za kumi. Ukikata picha kila baada ya mapigo manne, dakika 4 zitakula picha 100. Je, wanazo picha 100 nzuri, zisizofanana? Kama wamepiga kwa siku mbili tu, mkokoteni ule ule utapita mara sita, na mtazamaji atauzoea kama mlango wa nyumba yake. Singeli, muziki uliozaliwa mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, nao unastahili mkasi wa mbio. Wimbo wa mama aliyesahauliwa hauna haraka hiyo.

Hadithi nayo ina tumbo kubwa. Video ya "Thriller" ya Michael Jackson ya mwaka 1983 ina karibu dakika 14, kwa sababu hadithi ilihitaji nafasi kuliko wimbo wenyewe. Hawa wana dakika 4, na kiitikio kimo humo humo. Wachague matukio matatu: kumuaga mama, kutapanya fedha, kurudi. Na waangalie upande. Kijana akitembea kuelekea kulia katika picha moja, kisha kushoto katika inayofuata, ataonekana amegeuza njia, hata kama alikwenda moja kwa moja kutoka Mnazi Mmoja hadi Msimbazi. Jua pia husema uongo wao: la saa sita mchana Dar es Salaam hukaa utosini na kutia kivuli machoni. Ukiiunga picha hiyo na ya saa kumi jioni, mtu anaanza sentensi mchana na kuimaliza jioni.

Binti ndiye aliyenivutia zaidi. Mwaka 1990 Sinéad O'Connor alitoa video ya "Nothing Compares 2 U", na sehemu kubwa ni uso wake tu, akiimba, hadi machozi yanamtoka. Ila mtindo huu hauna pa kujificha. Mwimbaji lazima aimbe kweli wakati wa kupiga picha, muziki ukisikika hapo alipo, na mtu apige kofi moja mbele ya kamera kila wanapoanza. Kofi hilo linaonekana na kusikika, nalo ndilo litakalosaidia kulinganisha midomo na sauti baadaye.

Kwa maoni yangu uso wa mwimbaji uwe chungu kikuu, matukio matatu yaingie katika beti, na mkasi wa mbio utumike mahali pamoja tu, pale fedha zinapotapanywa. Hapo haraka ina maana, kwa kuwa fedha nazo zinakwenda mbio. Wakijaribiwa na madoido ya kompyuta, picha kupinduka kama ukurasa au kuingia ndani ya moyo mwekundu, wakumbushwe kanda za kwaya za miaka ya 1990, muda mfupi baada ya televisheni kufika Tanzania Bara mwaka 1994. Waimbaji waliopendeza kwa sare walizungushwa hewani kama chapati. Tulizipenda, lakini maua yalikuwa mengi kuliko wimbo.

Mama, usikubali kuuziwa programu ya bei kubwa. DaVinci Resolve, inayotumiwa hata na watengeneza sinema wakubwa, ina toleo la bure. Fedha yako iweke kwenye diski ya pili ya kuhifadhia picha, maana umeme hukatika na kompyuta hufa bila kuaga.

Ugomvi ukiendelea, kila mmoja akate sekunde 30 za mwanzo kwa mtindo wake, wakitumia picha zile zile. Wazitazame zote tatu kwanza bila sauti. Ile ambayo mtu asiyeujua wimbo anaweza kuieleza ndiyo waifuate.

Kisha wampelekee mama muuza chai simu yenye video nzima, asubuhi kabla wateja hawajajaa, aione mwenyewe mpaka mwisho. Akisema hataki kuonekana, atolewe, hata kama kazi inakabidhiwa kesho yake.