Ilhamu Hutafutwa

Wanafunzi wengi wa filamu wanaamini kwamba ilhamu ya filamu fupi huja yenyewe. Kwa imani hiyo, wazo humjia mtu akiwa kwenye daladala au kitandani, na kazi yake ni kushika kamera na kulirekodi kabla halijapoa. Utafiti huonekana kuwa shughuli ya watengenezaji wa filamu za makala na waandishi wa tasnifu. Wapo hata wanaosema kwamba kusoma na kuuliza sana huua ubunifu, na kwamba video ya dakika tatu haistahili wiki tatu za maandalizi.

Imani hii ni potofu, na madhara yake yanaonekana katika kazi nyingi za kuhitimu. Kijana anakimbia usiku, haijulikani anakimbia nini, kisha anazinduka, kumbe ilikuwa ndoto. Msichana ameketi dirishani analia huku muziki wa piano ukipanda. Jambazi ana bastola ya plastiki na koti la ngozi katika joto la Dar es Salaam. Waliotengeneza kazi za namna hii si wavivu wala hawakukosa kipaji. Wamekesha, wamekopa fedha, wamebembeleza ndugu zao waigize. Walichokosa ni jambo la kusema ambalo hawakulichota katika filamu ya mtu mwingine. Asiyetafiti hapati wazo lake mwenyewe. Hupata wazo lililokwisha kutumiwa na wengi, kwa sababu hilo ndilo lililo karibu zaidi na akili yake.

Historia ya filamu inaipinga imani hiyo tangu mwanzo. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao mjini Paris mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Kila moja ilidumu chini ya dakika moja. Mojawapo ilimwonyesha mtunza bustani akimwagilia. Kijana mtundu anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira, kijana anainua mguu, na maji yanamrukia mtunza bustani usoni. Kisa hicho hakikuzuka papo hapo. Kilikuwa kimeshachorwa kama vibonzo katika machapisho ya Ufaransa miaka kadhaa kabla ya kamera ya akina Lumière kuwepo. Hata kichekesho cha sekunde hamsini kilikuwa na chanzo.

Ufupi wenyewe ndio unaodai utafiti. Filamu ya dakika mia moja ina nafasi ya kujikwaa na kuinuka, na mtazamaji huisamehe dakika tano dhaifu akipata ishirini nzuri. Filamu ya dakika tano ina sekunde 300 tu. Ndani ya zile za mwanzo mtazamaji anatakiwa ajue yuko wapi, anamtazama nani, na mtu huyo anataka nini. Hayo hayaelezwi kwa maneno, kwa kuwa maneno hula muda. Yanaonekana katika soli ya kiatu iliyolika upande mmoja, katika namna ya kushika kikombe, katika salamu iliyoitikiwa kwa mkato. Mambo ya namna hiyo hayabuniwi mezani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Utafiti wa kwanza ni wa maisha. Mwanafunzi anayetaka kutengeneza filamu ya dakika tatu kuhusu muuza kahawa wa Kariakoo, bila kumkaribia, atatengeneza filamu ya mzee mnyonge anayetembea polepole jua likizama. Akikaa naye jioni kadhaa ataona mambo mengine kabisa. Dele, birika lake la kahawa, lina jiko la mkaa chini yake, na majivu sharti yakung'utwe ili moto usizimike. Mkono mmoja umebeba dele, mwingine unagonganisha vikombe vidogo, na mlio huo ndio tangazo lake: wateja humsikia kabla ya kumwona. Kashata zimefunikwa ili vumbi lisizipate. Kwenye benchi wateja wanabishana kuhusu Simba na Yanga, halafu kuhusu bei ya unga, halafu kuhusu ndoa ya jirani. Muuza kahawa anamimina, anapokea pesa, hasemi neno, maana wanywaji wake wametoka pande zote.

Hapo mzozo wa filamu umepatikana. Kuna mtu anayesikia kila siri ya mtaa, na riziki yake inamkataza kutoa maoni. Siku atakaposikia siri inayomhusu yeye mwenyewe, atafanya nini? Swali hilo linatosha kubeba dakika tatu, na halikushuka kutoka mbinguni. Limetoka kwenye benchi. Hata shoti ya kwanza imeshajitokeza: giza, kisha mlio wa vikombe, kisha mkono.

Ousmane Sembène wa Senegal alifanya kazi kwa njia hiyo. Kabla ya kushika kamera alikuwa kuli bandarini Marseille na mwandishi wa riwaya. Alipokaribia miaka 40 ndipo alipokwenda Moscow kujifunza filamu. Mwaka 1963 alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo ishirini inayofuata siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Abiria mmoja ni mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Mwingine ni baba aliyebeba maiti ya mtoto wake, naye anazuiwa kwenye lango la makaburi kwa sababu karatasi zake hazijakamilika. Mwishowe mtu aliyevaa vizuri anamshawishi dereva ampandishe hadi Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamsimamisha, na mkokoteni unachukuliwa. Karatasi ya mazishi, mpaka usioonekana kati ya mtaa na mtaa, nishani ya vita inayokanyagwa na kiatu cha askari: kila kimoja ni kitu cha Dakar ile, kilichoonwa na mtu aliyeijua. Filamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa misingi ya sinema ya Afrika, ilhali waigizaji wake hawakuwa wa kitaalamu na vifaa vyake vilikuwa duni.

Utafiti wa pili ni wa matukio na ushahidi. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilishambuliwa na wanamgambo wa Al-Shabaab. Walitaka abiria Wakristo watengwe na Waislamu. Abiria Waislamu walikataa, na baadhi ya wanawake waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki dunia Januari 2016. Ukubwa wa kukataa kule hauonekani mpaka mtu asome kilichotangulia: Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo, watu 28 walishushwa kwenye basi na kuuawa baada ya kutengwa na wenzao. Abiria wa 2015 walijua kinachofuata baada ya kutenganishwa.

Kundi la wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, mwongozaji wao akiwa Katja Benrath, lilifanya kisa hicho kuwa filamu ya kuhitimu. Watu Wote, ya dakika 22, ilipigwa nchini Kenya ikiwa na waigizaji wa Kenya wanaozungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2017 ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi, na mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar yenyewe katika kundi la filamu fupi. Habari za basi lile zilikuwa magazetini, na kila mwanafunzi wa filamu Nairobi, Mombasa, Arusha au Kampala angeweza kuzisoma. Waliozichukua ni wageni, kwa sababu mgeni hana budi kuuliza. Mwenyeji hudhani anajua tayari, kwa hiyo haulizi, na kisa cha jirani yake kinasimuliwa na mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita kukifuata. Hakuna sheria inayomzuia mgeni kufanya hivyo. Linalouma ni mwenyeji kuendelea kuamini kwamba kuzaliwa mahali ni sawa na kupajua.

Utafiti wa tatu ni wa filamu za wengine, na hapa ndipo hoja ya wapinzani inapopata nguvu. Wanasema mwanafunzi akitazama sana kazi za watu ataishia kuiga. Ukweli ni kwamba anayeiga zaidi ni yule aliyetazama chache. Aliyeona filamu kumi za mapigano na klipu elfu za TikTok ana mfano mmoja tu kichwani, naye huurudia bila kujua kwamba anaurudia. Aliyetazama nyingi na za namna mbalimbali anajua kuna njia ngapi, na huchagua.

Mfano wa kujifunza hivyo uko Urusi, ambako baada ya mapinduzi mikanda mitupu ya filamu ilikuwa adimu. Katika shule ya filamu iliyoanzishwa Moscow mwaka 1919, Lev Kuleshov na wanafunzi wake walifanya mazoezi ya filamu bila mkanda: waliigiza visa vifupi vilivyopangwa shoti kwa shoti kana kwamba kamera inarekodi. Walizichambua pia filamu zilizokuwepo, ikiwemo Intolerance ya Mmarekani D. W. Griffith, wakizipangua na kuzipanga upya kuona maana inabadilikaje. Vsevolod Pudovkin, mmoja wa waongozaji wakubwa wa enzi zile, alitoka katika darasa hilo. Miaka mingi baadaye, shule hiyohiyo ilimhitimisha mwongozaji Andrei Tarkovsky. Filamu yake ya kuhitimu, kuhusu urafiki wa mtoto anayejifunza fidla na dereva wa mtambo wa kushindilia barabara, ilichochewa na Le Ballon rouge ya Mfaransa Albert Lamorisse ya mwaka 1956. Hakuna anayeziona filamu hizo mbili akadhani ni moja. Tarkovsky alijifunza jinsi mtoto, kitu cha kawaida na mtaa wa mji vinavyoweza kubeba filamu nzima, kisha akavitafuta katika Moscow yake.

Wapo wanaokubali yote hayo kwa visa vya kweli, lakini wanasema filamu ya kubuni kabisa iko huru. Wanuri Kahiu wa Kenya anawajibu kwa Pumzi, ya mwaka 2009, yenye dakika kama ishirini na moja. Dunia yake ni ya baadaye, baada ya vita vya maji. Watu wanaishi chini ya ulinzi, jasho na mkojo husafishwa vikawa maji ya kunywa, na umeme huzalishwa kwa nguvu za miili yao. Kila kipengele hapo kimetoka katika swali linalojibiwa kwa kusoma: maji yakiisha, binadamu huyapata wapi? Ili kuijenga dunia hiyo, watengenezaji walirejea filamu za miaka ya 1950 kuchunguza mandhari ya kubuni yalivyotengenezwa zamani. Jambo la kubuni huaminika pale linapokuwa na kanuni, na kanuni hutoka katika ujuzi wa dunia iliyopo.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni ya haki zaidi: utafiti unaweza kuwa maficho. Yupo mwanafunzi anayesoma na kuhoji mpaka muhula unakwisha bila kurekodi hata shoti moja. Dawa yake ni kuujua mwisho wa utafiti. Unatosha pale mwanafunzi anapoweza kusema kwa sentensi moja mhusika wake anataka nini na nini kinamzuia, anapoweza kutaja vitu vitatu vya mahali pale ambavyo asiyefika hawezi kuvijua, na anapojua filamu gani zimeshagusa jambo hilo na yake itatofautianaje nazo. Yakikamilika hayo, kamera itoke.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari la kuandika maneno ya watu kama walivyoyasema, simu ya kurekodi sauti za mahali kabla ya picha, na ruhusa ya wanaohusika. Inahitaji kuitazama filamu fupi moja mara kadhaa: kwanza kwa kuifurahia, kisha bila sauti, kisha kwa kuhesabu shoti na kuandika kila moja inaleta habari gani mpya. Inahitaji pia kurudi mahali pa kurekodia kwa saa tofauti, kwa kuwa mwanga wa saa moja asubuhi si wa saa tisa alasiri, na adhana, kengele ya shule au jenereta la jirani havisubiri mwongozaji amalize.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Mahali ambapo alama zote hutolewa kwa video iliyokamilika, mwanafunzi hujifunza kwamba safari ya kuifikia haina thamani. Daftari la utafiti lipewe alama zake, na wazo litetewe mbele ya darasa kabla ya kamera kuazimwa. Mwanafunzi aulizwe alimhoji nani, alisoma nini, alifika wapi. Asiye na jibu arudishwe mtaani. Simu janja imeiweka kamera mkononi mwa karibu kila kijana, kwa hiyo kumiliki kamera hakumtofautishi tena mtu na mwenzake. Kitakachomtofautisha ni kile alichokwenda kukitafuta kabla ya kuiwasha.