Mfamasia na Apewe Kalamu



Katika mazungumzo ya makarani baada ya kazi limezuka shauri lililotugawa: je, yafaa mfamasia aruhusiwe kuandika cheti cha dawa yeye mwenyewe, au kazi hiyo ibaki kwa daktari na tabibu kama ilivyo? Wengi walicheka, wakasema kwamba huko ni kumpa mwenye duka kazi ya mganga. Sisi hatukucheka, na twaomba nafasi katika ukurasa huu tueleze sababu.

Shauri hili huharibika kila linapoanzia katika kitabu cha sheria badala ya kuanzia dirishani pa duka. Kwa sheria, dawa za cheti hazitolewi ila kwa cheti. Lakini nani kati yetu hajapata kupita dukani jioni, akasema koo lamwuma, akapewa vidonge vya kuua vijidudu bila kuulizwa karatasi yo yote? Mwenzetu mmoja, karani wa masjala, mtoto wake aliumwa sikio usiku kucha. Asubuhi hakwenda hospitali, kwa kuwa foleni ya huko ingemla siku nzima, naye alikuwa amekwisha omba ruhusa mara mbili mwezi ule. Alikwenda dukani. Mwuzaji akampa nusu dozi, maana fedha aliyokuwa nayo ilitosha nusu. Maumivu yakatulia siku mbili, kisha yakarudi pamoja na usaha. Alipofika hospitali daktari akamwuliza, "Alipewa dawa gani?" Baba mtu akatoa mfukoni kibahasha cha karatasi. Juu yake palikuwa pameandikwa "1 x 3" na hapana neno jingine: si jina la dawa, si jina la mtoto, wala sahihi ya aliyeitoa.

Ndugu zetu, sisi ni makarani. Barua ya kuomba kalamu na wino haitoki ofisini mwetu bila namba ya jalada, tarehe na sahihi. Ikipotea, yupo wa kuulizwa. Na dawa iliyoingia mwilini mwa mtoto yule haikuwa na hata kimoja katika hivyo. Kwa hiyo anayesema, "Tusimruhusu mfamasia kuandika dawa," twamjibu kwamba dawa zinaandikwa madukani kila siku, ila zinaandikwa na mtu asiye na jina. Shauri lililo mbele yetu ni kuchagua kati ya mkono unaojulikana na mkono usiojulikana.

Tena, si kweli kwamba katika nchi yetu daktari peke yake ndiye mwenye kalamu. Tangu miaka ya 1920, katika Tanganyika ya Waingereza, madresa walifundishwa kwa muda mfupi wakapelekwa wilayani kutibu watu, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache. Mwaka 1963 yalianza mafunzo ya madaktari wasaidizi, na miongoni mwao wametoka wanaopasua wazazi na kuwaokoa pamoja na watoto wao. Tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu huandika cheti leo, wala hapana anayeshangaa. Mfamasia husoma chuo kikuu miaka minne, kisha hutumika mwaka mmoja chini ya wakubwa wake, na somo lake tangu siku ya kwanza ni dawa: zinavyoingia, zinavyotoka, na zinavyogombana zikikutana katika tumbo moja. Kwamba mtu huyu asiweze kwa sheria kumwandikia mtu mzima dawa ya koo ni jambo tunaloshindwa kulifahamu.

Twakubali kwamba hajafundishwa sana kuupima mwili wa mgonjwa. Hiyo ndiyo hoja ya madaktari, na ni hoja nzuri. Lakini tutazame walivyofanya wengine. Huko Uingereza, mwaka 2003 wafamasia waliruhusiwa kuandika dawa kwa kufuata mpango uliokubaliwa na daktari. Mwaka 2006, wale waliosoma mafunzo ya kuongeza wakaruhusiwa kuandika kwa hukumu yao wenyewe. Kisha tarehe 31 Januari 2024, England ikaanzisha utaratibu ambao mfamasia wa dukani, bila cheti cha daktari, aweza kutoa dawa za cheti kwa maradhi saba tu: koo, sikio, maumivu ya mianzi ya uso, kuumwa na wadudu kulikoingia uchafu, vidonda vya ngozi vya kuambukiza, mkanda wa jeshi, na mkojo unaowauma wanawake. Nayo yamewekewa mipaka: sikio ni kwa watoto wa mwaka 1 hadi 17, mkojo ni kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64, mkanda wa jeshi ni kwa watu wazima. Nje ya hapo, mgonjwa hupelekwa kwa daktari. Sisi twaona kwamba ufupi wa orodha ile ndio ulinzi wake.

Sasa tuje penye fedha, maana ndipo hofu yetu ilipo. Aandikaye dawa naye ndiye aiuzaye, atajizuiaje asiandike chupa iliyo ghali? Hofu hii ni ya zamani. Wafalme wa Ulaya walikwisha itungia sheria katika karne ya 13, wakatenga kazi ya mganga na ya mwuza dawa. Korea ya Kusini iliishi na vishawishi hivyo hadi mwaka 2000: daktari aliandika na kuuza, na mfamasia aliuza na kuandika. Serikali ilipotenganisha kazi hizo mbili, madaktari waligoma. Basi asitwambie mtu kwamba kishawishi ni cha mwenye duka peke yake. Huwapata wote wenye kalamu mkono mmoja na sanduku la fedha mkono wa pili.

England walitafuta njia, nayo yatupendeza. Mfamasia hulipwa kwa kumsikiliza na kumpima mgonjwa. Mwanzoni malipo yalikuwa pauni 15, nayo huyapata hata akimaliza kwa shauri tu bila kumpa kidonge. Hapo faida ya kuandika dawa bure-bure hupungua sana. Hapa kwetu malipo ya namna hiyo yangepasa kutoka katika bima zetu, ambazo sisi watumishi twakatwa kila mwezi. Bila hilo, na tuseme wazi, sisi wenyewe tutahamia upande wa wanaokataa.

Kuhusu vijidudu kuzoea dawa, wengine hudhani kwamba kumpa mfamasia kalamu kutazidisha msiba huo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel, kwamba mtu atumiaye dozi pungufu huvifundisha vijidudu kustahimili. Nusu dozi ya mtoto wa mwenzetu ilikuwa somo la namna hiyo hiyo. Mfamasia mwenye daftari, anayejua kwamba mkaguzi atalifungua, hauzi nusu dozi kwa wepesi kama mwuzaji asiyeandika kitu.

Lakini tusijidanganye. Wafamasia wengi wako mijini, na baadhi yao, kama isemwavyo, huning'iniza cheti chao ukutani pa duka nao wenyewe hawaonekani hapo tangu mwezi hata mwezi. Kalamu isipewe ukuta. Vijijini watu hutegemea maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza Ruvuma mwaka 2003, ambayo wauzaji wake hufundishwa kwa majuma machache na kuruhusiwa dawa chache zilizotajwa. Hao hatuwaombei kalamu, ila waendelee na orodha yao na wakaguliwe. Faida ya shauri letu itaanza mjini, na aliye Liwale au Kibondo atangoja. Hili latuudhi, wala hatuna jawabu lake.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri ya Chama iliweke shauri hili katika mambo ya mkutano ujao, na ikikubali, ipeleke maombi kwa Serikali: kwamba wafamasia waliosoma mafunzo ya kuongeza waruhusiwe kuandika dawa za maradhi machache yaliyotajwa, kwamba kila dawa iandikwe daftarini na juu ya kibahasha kwa jina lake, jina la mgonjwa na sahihi, na kwamba malipo yawe kwa kazi ya kupima. Mwanachama anayetupinga na aandike naye kabla stensili hazijakatwa. Yule baba wa masjala amekwisha tuahidi kuleta kibahasha chake mkutanoni, bado anacho.