Bamba la Taya: Imara Si Sawa na Gumu

Aliyevunjika mkono huufunga kitanzi shingoni akaendelea kula na kusema. Aliyevunjika taya hunyimwa yote mawili kwa pigo moja. Sisi tunaofundisha isimu twajua kuwa taya la chini ni kiungo cha usemi sawa na ulimi. Irabu 'a' haitamkiki barabara taya lisiposhuka. Katika nchi ambamo ajali za bodaboda huleta majeruhi wa uso hospitalini kila uchao, jambo hili haliwahusu madaktari peke yao.

Tiba ya tangu zamani ni kuyafunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya, kwa majuma manne hadi sita. Mgonjwa hunywa uji kwa mrija, hukonda, na akiwa kibarua hupoteza kazi. Tiba ya pili ni bamba jembamba la titaniamu linalokazwa mfupani kwa skrubu. Mwaka 1952, Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hushikamana na titaniamu badala ya kuikataa. Katika miaka ya 1970, Maxime Champy wa Strasbourg, Ufaransa, alionyesha kuwa bamba dogo latosha, mradi liwekwe pale ambapo kutafuna huuvuta mfupa uachane. Aliyetiwa bamba hufumbua kinywa mapema.

Hata hivyo, bamba nalo huweza kuvunjika. Aghalabu haliangushwi na kishindo kimoja, bali huchoshwa na kutafuna maelfu ya mara, hasa pale lilipokunjwa na kukunjuliwa ili lilingane na umbo la taya. Ndiyo maana wataalamu hutafuta njia za kuliimarisha: ama kuichanganya titaniamu na alumini na vanadi, ama kuiminya ikiwa safi hadi chembe zake ziwe ndogo mno.

Hapa lugha yetu yatoa funzo. Imara si sawa na gumu. Jiwe ni gumu, lakini hupasuka. Upinde ni imara kwa kuwa hukubali kupinda. Bamba likiwa kakamavu kupita kiasi hubeba mzigo wote, na mfupa usiobeba kitu hudhoofika. Ukakamavu wa titaniamu ni kama nusu ya ule wa chuma kisichoshika kutu, ijapokuwa bado waushinda ule wa mfupa mara kadhaa. Kazi iliyopo, basi, ni kuongeza nguvu pasipo kuongeza ukakamavu.

Lakini nguvu ya maabara yamfaa nini anayelala wodini akingoja jamaa wamchangie fedha za bamba? Tangu 2014 hadi mwisho wa 2024, mchanga wa Kwale wenye madini ya titaniamu ulipakiwa melini kwenda ng'ambo. Hatudai kiwanda cha kuyageuza madini hayo kuwa metali. Gharama yake ni kubwa mno. Twadai mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, bima ya afya ya umma ilihesabu bamba kuwa tiba, si anasa, nazo hospitali za kaunti ziwe nalo akibani. Pili, vyuo vikuu viwakutanishe wahandisi na madaktari wa upasuaji wa taya, wayapime mabamba yanayoingizwa nchini na kuweka kumbukumbu ya yanayovunjika na sababu zake.

Mwenye taya lililofungwa kwa nyaya hawezi kujitetea. Sisi tuwezao kufumbua vinywa hatuna budi kumsemea.