Tusiwaachie Kuku Pumba Zote

Wenzangu wa Nakuru, mkienda tena posho mill, simameni kidogo mtazame mahindi yakikobolewa. Huku unatoka unga mweupe wa kubeba nyumbani. Kule zinamwagika pumba, vumbi lake likimtanda mwenye kinu hadi kwenye nyusi, kisha zinatiwa guniani ziwe chakula cha kuku na ng'ombe. Yaani tunalipia kukobolewa ili mifugo ile vizuri kuliko sisi!

Pumba zile zimejaa nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ni polisakaridi: minyororo mirefu ya sukari, ndugu wa wanga, ila tumbo letu haliwezi kuikata. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima. Nyingine hulainisha choo, nyingine huchachushwa na bakteria wa humo, na asidi wanazotoa hulisha ukuta wa utumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ugali mweupe na nyama, bila mboga, haufiki hapo hata ukila ukashiba.

Halafu kuna mrenda. Ute ule unaovutika kutoka kwenye kijiko mpaka sufuriani, ambao watoto wanaukimbia eti unateleza, nao ni polisakaridi. Nyuzinyuzi za uteute kama huo huvimba kwa maji tumboni, na sukari ikaingia kwenye damu polepole. Shayiri inayolimwa kule Mau Narok ina ya kwake, beta-glukani. Gramu 3 kwa siku husaidia kushusha kolesteroli. Shayiri yetu nyingi huishia kwenye bia, na bia, samahanini, haihesabiki hapa.

Basi nawasihi, tusage mahindi mazima, tuchanganye na wimbi. Yawe makavu, yasiyo na ukungu hata chembe, kwa kuwa aflatoksini hupenda kukaa kwenye ganda na kiini. Tusage kidogo kidogo pia. Mafuta ya kiini hufanya unga huo uwe mchungu ukikaa sana. Anzeni taratibu na mnywe maji, la sivyo matumbo yatanguruma kanisani. Anayetumia dawa za kisukari aulize kwanza kliniki anakohudhuria.

Wenye hoteli, ugali wa wimbi na mrenda viandikwe ubaoni kando ya pilau na chapati, visiwe vya kuulizia kwa kunong'ona. Nanyi wazazi mlio kwenye kamati za shule, ombeni walau siku moja kwa wiki watoto wapikiwe unga usiokobolewa.

Mimi nakwenda kinuni Jumamosi na gorogoro mbili za mahindi na moja ya wimbi. Mwenye kinu nitamwambia neno moja tu: usikoboe.