Sarafu Nyeusi Iwekwe Mbele

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililozusha ubishi katika Chama cha Sarafu muhula huu. Najua wengine wataona ni jambo dogo. Hata mimi mwanzoni niliona hivyo.

Mwalimu wetu wa Historia, ambaye alipata kusoma Uswidi, alikiletea chama zawadi ya sarafu moja ya shaba ya mwaka 1718. Ni ndogo, uzito wake gramu nne hivi, nyeusi kwa uzee, na juu yake mna picha ya mzee mwenye fyekeo refu akimtia mtoto kinywani. Mzee huyo ni Saturnus, mmoja wa miungu ya Warumi wa kale. Basi tulipokutana kupanga meza ya Siku ya Wazazi, wenzangu walitaka iwekwe nyuma, na mbele zikae rupia zetu za fedha zinazong'ara. Mmoja akaongeza kuwa kama lazima ionekane, isuguliwe kwa limau na mchanga, kisha iandikiwe kibao, "Sarafu ya Mfalme Shujaa". Mimi nayakataa yote matatu.

Mfalme mwenyewe ni Karl wa Kumi na Mbili. Alitawazwa mwaka 1697 akiwa na miaka 15, umri wa wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 1700 majirani zake, Denmaki, Polandi na Urusi, wakamwingilia kwa vita wakidhani ni mtoto, naye akawashangaza. Pale Narva, mwaka huohuo, alilishinda jeshi la Warusi lililolizidi lake kwa mbali. Lakini mwaka 1709, huko Poltava, jeshi lake likavunjwa, naye akakimbilia nchi ya Waturuki, akakaa huko mpaka 1714. Aliporudi hakutaka amani. Alitaka jeshi jipya, na hazina ilikuwa tupu.

Hapa ndipo sarafu yetu inapoingia. Uswidi ilikuwa na shaba nyingi kutoka mgodi mkubwa wa Falun, na watu walizoea fedha ya mabamba ya shaba ambayo thamani yake ilikuwa ni uzito wake. Bamba la daler 1 lilikuwa na uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Mwaka 1644 walipata kutengeneza bamba la daler 10, karibu kilo 20. Sijui nani angekwenda nalo sokoni bila mchukuzi! Basi serikali ya Mfalme Karl ikagonga visarafu vidogo vya gramu nne, ikatangaza kuwa kila kimoja ni daler 1 ya fedha, yaani öre 32. Shaba iliyokuwamo haikufika hata öre 1. Kwa shaba ya bamba moja la zamani waliweza kupata sarafu zaidi ya 150.

Zilitolewa aina kumi, kuanzia 1715 hadi 1719. Ya kwanza ilikuwa na taji. Ya mwaka 1716 iliandikwa kwa Kilatini, "Publica Fide", maana yake kwa imani ya umma. Nyingine ilikuwa na askari na simba, kisha wakafuata miungu, Jupiter, Saturnus, Phoebus, Mars na Mercurius. Ya mwisho, ya mwaka 1719, iliitwa Tumaini, na ina picha ya mwanamke na nanga. Ziligongwa kwa mamilioni, na mkulima alilazimika kuzipokea alipouza nafaka yake au ng'ombe wake. Mwenye fedha halisi aliificha, na waghushi nao hawakulala.

Mwishoni mwa 1718 mfalme alipigwa risasi ya kichwa akiizingira ngome ya Fredriksten huko Norwei. Aliyelaumiwa kwa sarafu hizo ni mshauri wake, mgeni aliyeitwa Görtz, naye akakatwa kichwa Stockholm mapema mwaka 1719. Watu waliita sarafu hizo miungu ya Görtz. Mimi naona hapo haki ilikwenda upande. Görtz hakuwa malaika, lakini vita havikuwa vyake. Mfalme ana sanamu katikati ya Stockholm tangu mwaka 1868, na mkulima je? Mwaka huohuo wa 1719 serikali ilifuta nusu ya thamani ya kila sarafu. Katika ile nusu iliyosalia, öre 16, mwenye sarafu alipewa öre 2 taslimu, na öre 14 akaandikiwa hati ya ahadi. Aliyeuza ng'ombe arudi nyumbani na karatasi!

Ndiyo maana sitaki kibao cha "Mfalme Shujaa". Ushujaa wake siubishi. Lakini sarafu hii haikulipwa na yeye, ililipwa na yule aliyeipokea, na kama kuna jina la kuandika pale, liandikwe, "Sarafu ya Waliouza Nafaka".

Tena nina sababu ya nyumbani. Sisi wa Tabora tusijifanye wageni wa mambo haya. Mwaka 1916, Wajerumani walipozuiliwa baharini na manowari za Waingereza wasipate sarafu kutoka Ulaya, waligonga zao katika karakana ya reli hapa hapa Tabora. Walitumia shaba na maganda ya risasi za mizinga. Ile ya heller 20 ina taji, mwaka, na herufi T chini yake, ambayo ndiyo Tabora. Walitoa pia ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, ambayo matajiri wa dunia nzima wanaigombania. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Na neno heller ndilo tunalolitamka kila siku tukisema hatuna hela.

Bibi yangu alikuwa na kopo la bati, ndani yake sarafu saba za namna hiyo, za babu yake aliyebeba mizigo ya vita. Alisema mzee alizitunza akitumaini siku moja zitapokelewa tena dukani. Hazikupokelewa. Nilipokuwa darasa la tano bibi alinipa mbili. Moja niliisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa kama kijiko, na nikajiona mjanja. Leo herufi T haionekani, taji limekuwa doa, na hata mwaka huwezi kuusoma. Bibi alipoiona hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mjukuu wangu, utajuaje kuwa ni yake?"

Huko Uswidi sarafu nyingi za Mfalme Karl ziligongwa upya baadaye kuwa öre 1, na wakusanyaji huzigeuzageuza kwenye mwanga wakitafuta mguu wa mungu wa zamani chini ya chapa mpya. Ukisugua, mguu huo umekwenda. Nao hawahitaji kuwa matajiri, kwani kwa wingi wake aina nyingi si ghali.

Kwa hiyo naomba chama kikubali, Saturnus akae mbele kama alivyo, na kando yake heller za Tabora. Rupia za fedha zitaonekana tu, hazina haja ya kusaidiwa. Wazazi nao nawaomba, kabla ya kuja, wafungue makopo na masanduku ya wazee, na watakachokikuta wasikioshe. Mimi nitaleta zangu mbili, ile nyeusi na ile niliyoiharibu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu